Ijumaa Yake, Jumamosi Yangu

Siku niliyostaafu walichukua beji yangu wakanipa birika la umeme. Birika langu la siku zote liko hapo kibandani getini, nililileta mwenyewe kutoka nyumbani, na nimewaachia. Kifuniko chake hakishiki, kwa hiyo lisimamieni likichemka. Ninyi vijana mliobaki mliniomba niandike kazi ilivyokuwa zamani, na najua mlitegemea vichekesho. Vipo viwili vitatu. Habari za vyeo hamtazisoma, maana niliingia nikiwa mlinzi wa geti nikatoka nikiwa mlinzi wa geti. Nitaandika juu ya kitabu cha matukio na juu ya watu wawili nilioshika nao zamu. Mmoja alistaafu kwa heshima akafa kitandani kwake. Mwingine, Hussein, alifukuzwa, na mkono wangu umo.

Nilitoka Uvira, Kongo, nikiwa mwalimu wa darasa la tatu. Hapa Johannesburg cheti changu cha ualimu kilifaa kufunikia kikombe. Tuliishi Hillbrow, ghorofa ya tisa, familia mbili chumba kimoja na pazia katikati, na lifti ilikuwa imekufa kabla hatujafika. Siku ya kwanza kazini nilipewa suruali ya mtu mrefu, kofia ya mtu mwenye kichwa kidogo, kirungu, na tochi isiyo na betri. Lindo lilikuwa hilo hilo mnalolijua, bohari la vipuri vya magari pembeni mwa Mayfair. Nilimuuliza msimamizi tochi bila betri ina kazi gani. Akasema ni ya kuonekana. Baadaye nilielewa kwamba mambo mengi katika kazi hii ni ya kuonekana.

Aliyenifundisha ni Baba Khumalo, Mzulu mnene mwenye sauti ndogo, ambaye alikuwa getini kabla ya geti lenyewe kubadilishwa. Hakunifundisha kupigana. Alinifundisha kitabu.

"Ticha," aliniita hivyo tangu asubuhi ya kwanza, "gari likiingia, andika saa, namba na jina. Usiandike unachodhani. Kitabu hakidhani."

Wino mweusi. Usiruke mstari. Usifute, ukikosea, kata kwa mstari mmoja, tia sahihi. Kila saa lazima iwe na neno lake, hata kama neno lenyewe ni kwamba hali ni shwari. Kwa mtu aliyesahihisha madaftari miaka tisa hayo hayakuwa magumu. Alinitania kwa jambo moja tu: saba zangu. Nilisoma shule za Kifaransa, na sisi saba tunaipiga mstari katikati. Baba Khumalo akasema saba yangu imefunga mkanda. Sikuibadilisha. Mtu akihama nchi anabaki na vitu vichache, nami nilibaki na saba yangu.

Kanuni ya kampuni ilikataza alama yoyote kwenye sare isipokuwa ya kampuni. Baba Khumalo alikuwa na beji ndogo ya kanisa lake, ameibana ndani ya kola, upande usioonekana. Kila asubuhi kabla ya kufungua geti aliigusa kola mara moja. Miezi mingi nilidhani shingo inamuuma.

Hussein alikuja mwaka wa tatu wangu. Alizaliwa Buyenzi, mtaa wa Waislamu wa Bujumbura, akakulia Kigoma, na huko ndiko alikojifunza kuandika, kwa hiyo saba zake zilikuwa wazi, hazina mkanda. Alikuwa fundi cherehani kabla ya kuwa mlinzi. Juma lake la kwanza alinikatia ile suruali niliyokuwa nimeikunja miaka miwili, akaishona kwa mkono, na kwa mara ya kwanza nikatembea getini bila kufagia barabara. Alikuwa mcheshi, mwembamba, mwenye haraka. Karatasi yake ya ukimbizi aliitunza ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko ndani ya mfuko mwingine.

Sasa sikilizeni jinsi tulivyofanya kazi, maana ninyi hamkuikuta. Rosta, yaani orodha ya zamu, ilitoka ofisini. Mchana geti lilikuwa na mlinzi mmoja, tukipokezana watatu, na aliyeipanga rosta ile, kama si shetani basi ni jirani yake, alimpa Hussein Ijumaa, akanipa mimi Jumamosi, akampa Baba Khumalo Jumapili. Hussein alitakiwa kuwa msikitini Ijumaa mchana. Mimi ni Msabato. Baba Khumalo Jumapili alivaa kanzu nyeupe na kucheza ngoma ya kanisa lake mpaka jua lipinde. Baba Khumalo alikwenda kuomba kwa niaba yetu sote. Meneja wa wakati ule alimjibu kwamba leo mtaniletea dini, kesho mtaniletea siku za kuzaliwa.

Basi mzee akarudi akakaa, akanywa chai, akasema tutajipangia wenyewe. Saa ya ibada, asiye na zamu atamshikia mwenye zamu. Anayeshika geti ataandika kitabuni kwa jina la mwenzake. Hakuna mwingine atakayejua.

Tulifanya hivyo miaka kumi na moja. Ijumaa, siku yangu ya mapumziko, nilifika getini saa sita na robo. Hussein alitawadha nyuma ya kibanda kwa maji ya chupa ya lita mbili, akavuka roboti mbili, taa za barabarani tunavyoziita hapa, mpaka msikitini, na saa nane kasoro alikuwa amerudi, amechangamka, ananuka udi, na mara nyingi ana sambusa za Wasomali kwenye gazeti. Jumamosi asubuhi alifika kabla ya saa mbili, akanikuta nimeshabadili shati.

"Sabato njema, Baba Neema," alisema. Neema ni binti yangu. "Niombee na mimi."

"Nikuombee nini?"

"Karatasi. Mengine Mungu ameshayasikia, hiyo ndiyo bado."

Jumapili mmoja wetu alimshikia Baba Khumalo. Watu watatu, dini tatu, na hata mmoja hakula nguruwe, kwa hiyo sufuria lilikuwa moja. Katika miaka yote hiyo halikuibwa hata boliti. Nasema hivi kwa sababu baadaye ilisemwa kwamba lindo liliachwa. Lindo halikuachwa hata dakika moja.

Kosa letu halikuwa kushikiana zamu. Kosa letu lilikuwa kuificha haki yetu kama mtu anavyoficha kitu cha wizi, na katika hilo mwalimu nilikuwa mimi. Mnaikumbuka ile karatasi kubwa ya haki za Katiba iliyobandikwa juu ya birika? Siku moja, Baba Khumalo akiwa ameshastaafu, Hussein alisimama mbele yake na kikombe mkononi, akafuata mistari kwa kidole.

"Baba Neema, hapa wameandika dini. Kila mtu ana haki ya dini yake. Kila mtu, hawakusema raia."

"Wameandika na nyumba pia. Wewe unalala wapi?"

"Hillbrow, nyuma ya pazia." Akacheka. Halafu akaacha kucheka. "Mimi nataka niandike barua. Niombe ruhusa ya saa moja na nusu kila Ijumaa, kwa maandishi, na wewe uombe Jumamosi yako. Wakikataa, tutakuwa tumeomba."

"Ukiomba, watajua. Wakijua, watakataza. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Mficha uchi hazai, mzee wangu."

Alikuwa anasema kweli, nami nilijua. Lakini karatasi yake ilikuwa imeisha muda, amepeleka maombi ya kuifanya upya kama walivyoagiza, kwa barua pepe, na majibu hayakuja. Nilimwambia mtu mwenye karatasi iliyoisha haandiki barua yenye jina lake. Niliyasema kwa sauti ya ualimu. Alinitii, kwa sababu nilikuwa mkubwa wake na kwa sababu nilionekana kama mtu anayejua. Kusema kweli nilikuwa naitunza Jumamosi yangu. Mpango ulikuwa unanifaa ulivyo.

Baba Khumalo alikufa mwaka uliofuata. Tulikwenda kumzika mimi na Hussein, tumekodi mtu wa kushika geti kwa mara ya kwanza. Alilala ndani ya jeneza na koti lake zuri, beji ya kanisa imebanwa nje ya kola, kifuani, mahali inapotakiwa kukaa. Hussein aliitazama sana.

Kisha akaja meneja mpya, na meneja akaja na kamera. Mmoja wa mafundi waliozifunga alituambia bosi anaweza kuliona geti kwenye simu yake akiwa nyumbani anakula. Tulipaswa kuacha siku hiyo hiyo. Hatukuacha. Tulijiambia kwamba kamera ni kama ile tochi yangu, ya kuonekana.

Ijumaa ya tatu baada ya kamera, saa saba mchana, gari la meneja lilisimama getini na mimi ndiye niliyelifungulia, nimevaa koti la kazi juu ya shati la nyumbani. Hakushuka. Aliuliza Hussein yuko wapi. Nikasema ametoka kidogo. Aliniuliza mimi nafanya nini pale siku yangu ya mapumziko. Nikasema nilipita kuchukua bakuli langu la chakula, akaniomba nimshikie dakika tano. Uongo huo ulitoka mdomoni kabla sijautafuta. Dakika arobaini baadaye Hussein alirudi, amechangamka, ananuka udi, na sambusa mkononi.

Alisimamishwa kazi palepale. Kikao cha nidhamu kilikuwa Alhamisi, ofisini, meza ndefu, mtungi wa maji ambao hakuna aliyeugusa. Shtaka lilikuwa kuacha lindo. Niliitwa kama shahidi, na kwa kuwa Kiingereza cha Hussein kilikuwa cha getini tu, wakanifanya na mkalimani pia. Mtu mmoja, kazi mbili. Walipunguza gharama.

Meneja alifungua kitabu cha matukio kwenye ukurasa wa ile Ijumaa. Aliweka kidole kwenye namba za magari ya mchana. Alikuwa na macho yule bwana, siwezi kumnyima. Asubuhi, saba zilikuwa wazi. Kuanzia saa sita na nusu, zikavaa mkanda. Baada ya saa nane, wazi tena. Akarudi Ijumaa ya nyuma, na ya nyuma yake, na ya nyuma yake. Hadithi yangu ya bakuli la chakula ilikuwa imelala pale mezani, imekufa.

"Hizi saba zenye mstari ni za nani?" akaniuliza.

Kidole chake kilikuwa kwenye pembe ya karatasi. Angefunua ukurasa mmoja tu angeikuta Jumamosi, na hapo angeona kinyume chake: mkanda alfajiri, saba wazi asubuhi nzima chini ya jina langu, kisha mkanda tena. Mke wangu alikuwa anaumwa. Neema alikuwa amebakiza mwaka mmoja chuoni. Nayaandika haya kwa sababu ni kweli, lakini msiyachukue kuwa sababu. Niliogopa, basi.

"Ni zake," nikasema.

"Mwulize mwenyewe."

Ikabidi nimgeukie. Nikamwuliza kwa Kiswahili, lugha yetu ya sufuria moja. "Hussein, meneja anauliza kama hizi saba zenye mstari ni zako."

Alinitazama. Najua mnataka niseme alinitazama kwa hasira, lakini haikuwa hasira. Alikuwa anatazama jinsi fundi anavyotazama kitambaa, kuona kitatosha au hakitatosha.

"Mwambie ni zangu," akasema.

Nikamwambia meneja, ikawa maana yake geti lilikaa tupu kila Ijumaa na namba alizijaza yeye akirudi. Meneja akafunga kitabu. Halafu akasema maneno ambayo nadhani aliyasema kwa nia njema kabisa: kwamba kampuni haina tatizo na dini ya mtu yeyote, Katiba ya nchi hii inajulikana, na kama Hussein angeandika barua moja tu ya kuomba, wangekaa wakamsikiliza. Kwa nini hakuandika? Swali hilo nalo lilikuwa la kutafsiriwa. Nililitafsiri neno kwa neno, sikupunguza wala sikuongeza. Kazi hiyo niliifanya vizuri.

Hussein akanijibu mimi, si meneja. "Mwambie sikujua kuandika."

Walimpa barua ya kufukuzwa, yenye sharti la kutokaribia eneo la kazi. Nje, chini ya ngazi, nilimwambia aende kulalamika kwenye ofisi za mambo ya wafanyakazi. Ndipo nikawa shujaa, ngazini.

"Niingie jengo la serikali na karatasi gani?" akaniuliza. "Eish, Baba Neema. Wewe mwenyewe si ndiye uliyenifundisha?"

Miaka miwili baadaye mama mmoja anayesaidia wakimbizi alinieleza kwamba angeweza kwenda, kwamba malalamiko ya kazi yanapokelewa hata kama karatasi imeisha. Nilimwambia asante. Mnalijua geti la nyuma, lenye kufuli tatu? Ukiwa na funguo mbili bado uko nje. Ndivyo ilivyokuwa dini ya Hussein. Ili asali alihitaji kazi inayomwachia saa moja na nusu. Ili aitetee kazi alihitaji karatasi. Ili apate karatasi alihitaji ofisi inayojibu. Wanaotoa hotuba wanazitaja haki moja moja, kama vile mtu anaweza kupewa ile ya Ijumaa peke yake na akaishi nayo.

Jumamosi iliyofuata kikao nilikuwa zamu. Sikutegemea kwenda kanisani, na sikustahili. Kabla ya saa mbili nilimwona anavuka roboti, amevaa koti lake la nyumbani, nguo zimepigwa pasi. Akasimama upande wa nje wa geti.

"Sabato njema, Baba Neema."

Nilishika kufuli la geti.

"Ijumaa ile ulinishikia, Jumamosi yake sikuja, walikuwa wamenizuia," akasema. "Nimekuja leo. Nenda kasali, mimi nitasimama hapa nje. Sitaingia. Gari likija nitakupigia simu."

Fikirini hilo. Mtu aliyefukuzwa amekuja kumshikia geti aliyemfukuzisha, bila sare, nje ya fensi, ili mwenzake asikose ibada. Na mimi, kabla ya kuutazama uso wake, niliitazama kamera. Taa yake nyekundu ilikuwa inawaka juu ya vichwa vyetu.

"Hussein, ondoka," nikasema. "Umekatazwa kufika hapa. Utaniletea matatizo."

"Na Sabato yako?"

"Ondoka, ndugu yangu. Tafadhali."

"Sharp, sawa," akasema, akainua mkono, akavuka barabara. Sijamwona tena tangu siku hiyo. Nilisikia yuko Diepsloot, anauza kwenye spaza ya binamu yake, kiduka cha mtaani, nyuma ya nondo, siku saba kwa wiki, na Ijumaa ikiwemo. Nilijikaza mwaka mzima ndipo nikapanda taksi kwenda kumtafuta. Nilikuta duka limepigiliwa mabati, na mama wa nyumba ya pili akasema wageni kutoka nchi nyingine waliambiwa wafunge wiki iliyopita, na hajui walikokwenda.

Mwezi uliopita kanisani kwetu tulikuwa na Sabato ya kuombea uhuru wa dini. Mchungaji aliniomba nitoe ushuhuda, mimi mzee niliyeitunza Sabato miaka mingi ndani ya kazi ya ulinzi, jinsi Mungu alivyonifungulia njia. Nilisimama. Nilisema Mungu alinifungulia njia. Watu wakasema amina, na mama mmoja akalia. Nikarudi kukaa karibu na Neema. Mungu hakuwa kwenye rosta. Aliyenifungulia njia alikuwa Mwislamu wa Buyenzi mwenye chupa ya maji, na jina lake sikulitaja.

Kwa hiyo ushuhuda wangu nautoa hapa, kwenu. Vitabu vya matukio vya zamani viko stoo, rafu ya chini, nyuma ya kofia za mvua. Kitafuteni cha mwaka ule, ukurasa wa ile Jumamosi. Tuliandika kwa Kiingereza, kwa Kiswahili ni hivi: "07:40. Mtu asiye mfanyakazi amefika getini. Ameambiwa aondoke. Ameondoka. Hali ni shwari." Wino mweusi, hakuna nafasi iliyorukwa, hakuna neno la kudhani. Baba Khumalo asingepata pa kusahihisha. Halafu itazameni ile saba. Baada ya kikao nilikuwa nimeshaanza kuziandika kama za Hussein, nisije nikagundulika, wazi, bila mstari, na mpaka siku niliyowarudishia beji sikuupiga tena.